Nusu Saa ya Mama Kiwanja

Ukutani, juu ya mizani ya mizigo, palikuwa na ubao uliosema kwamba kutoka kiwanja hiki hadi kile cha kisiwa kikubwa ni maili thelathini na nane, na kwamba safari huchukua dakika hamsini. Maili zilikuwa za kweli, maana bahari haina tabia ya kutania. Lakini hizo dakika hamsini zilikuwa uongo mtupu, tena uongo ulioandikwa kwa rangi nyeupe na kwa mwandiko mzuri. Aliyeuandika ndiye aliyekuwa akikaa chini yake kila siku, akikata tiketi, akipima mizigo, akizungumza na ndege kwa redio, kisha akishika ufagio abiria wakishaondoka. Watu walimwita Mama Kiwanja, na hata jirani wa nyumba ya tatu hakumjua kwa jina jingine.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya abiria tisa wasiokula sana. Upepo ukiisukuma kwa nyuma, ilivuka kwa dakika ishirini na mbili. Upepo ukiikabili usoni, nusu saa. Hamsini haikuwahi kufika tangu kiwanja kilipofyekwa.

Tusimwonee Mama Kiwanja, uongo wake ulikuwa na sababu. Mwanzoni alikuwa akisema kweli. Akitangaza ndege ni saa mbili na nusu, rubani anawasha injini saa mbili na nusu, huku abiria ndiyo kwanza anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Kiwanja kilikuwa karibu mno na nyumba za watu, na hilo ndilo lililowaharibu. Mtu aliisikia ndege ikitua akiwa bado anapiga mswaki, akajiambia ana muda. Wakaachwa wengi, wakatukana wengi, na matusi yote yalimwangukia mkata tiketi. Ndipo akaanza kuirudisha saa nyuma kwa nusu. Ndege ya saa mbili na nusu akaiita ya saa mbili, na safari akairefusha ubaoni ili mtu akihesabu muda wa kufika, hesabu imkimbize. Mwezi wa kwanza watu waliwahi, wakakaa kwenye benchi wamenuna. Mwezi wa pili wakashtuka. Mwezi wa tatu akisema saa mbili wao wanakuja saa mbili na nusu, wanamsalimia kwa heshima zote na kupanda ndege. Kuanzia hapo ikajulikana kisiwa kizima kwamba nusu saa ya Mama Kiwanja ni ya kuongeza mwenyewe, kama chumvi mezani.

Aliyeijua kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alihamia kisiwa kikubwa akiwa kijana na sasa ndiye aliyeshika kiwanja cha kule. Wawili hao walipigiana simu mara nyingi kwa siku, na nusu ya maneno yao ilikuwa matani. Mama Kiwanja akisema, "Shemeji, abiria wangu wote wako hapa," maana yake wako njiani. Shemeji akisema, "Ndege inaruka sasa hivi," maana yake rubani anamalizia chai. "Imeshatua" maana yake inaonekana angani. Hawakuwahi kupotezana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa wawili walikuwa wameirefusha kwa nusu saa na wanaipita kila siku bila kujikwaa.

Mpaka alasiri ile.

Gari la zahanati liliingia kiwanjani likipiga honi, na Mama Kiwanja akatoka na ufagio mkononi kwenda kumgombeza dereva. Akamwona aliyelala nyuma, ufagio ukamponyoka. Alikuwa binti yake wa mwisho, waliyezoea kumwita Kitinda, mimba yake ya kwanza ikiwa imetimia. Mumewe alikuwa kazini mbali, ng'ambo ya kisiwa kikubwa, na asubuhi Mama Kiwanja alimwacha binti huyo jikoni akilalamika kiuno tu. Sasa midomo yake ilikuwa mikavu, na kanga aliyolalia ilikuwa imeloa damu.

Mkunga wa zahanati aliruka chini. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyepoteza maneno.

"Mtoto amelala kimshazari," alisema. "Hawezi kutoka kwa njia yake. Na damu hii siipendi. Anatakiwa kupasuliwa leo, Mama Kiwanja, na mimi kule nina mikasi na glavu tu. Ndege iko wapi?"

Walimlaza Kitinda kwenye benchi la abiria, juu ya godoro la zahanati. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye meza, mizani, feni iliyozunguka inapojisikia, na dirisha lililotazama njia ya ndege. Kitinda alikulia humo. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa mama yake alimpandisha kwenye mizani ya mizigo na kuwatangazia abiria kilo zake, mpaka alipopevuka akakataa kwa hasira. Sasa aliitazama mizani ile kutoka kwenye benchi, meno ameyauma.

Mama Kiwanja akapiga simu.

"Shemeji, ndege iko wapi?"

"Salamu kwanza, shemeji! Siku hizi hata salamu mnakatia tiketi?"

"Kitinda amezidiwa."

Matani yakafa hapo hapo. Mama Kiwanja alimweleza kwa maneno machache, na alisikia mwenzake akihema.

"Ndege iko njiani kurudi hapa," Shemeji alisema. "Itatua saa kumi na moja. Niijaze mafuta, nitoe viti machela ipate nafasi. Niambie wewe, mwisho wa kuirusha ni saa ngapi?"

Hilo swali hakuna mwingine wa kulijibu. Kiwanja cha kisiwa kidogo hakikuwa na taa hata moja, na upande wa magharibi kulikuwa na kilima kilicholimeza jua kabla ya wakati wake. Kwingine watu huwa bado wanaanua nguo kwenye kamba, pale njia ya ndege imeshakuwa nyeusi. Mama Kiwanja alijua giza linaingia saa kumi na mbili na robo, halina mjadala. Akatazama bendera nje. Upepo ulikuwa wa kuikabili ndege, kwa hiyo nusu saa ya kuja. Halafu kupakia, halafu kuruka wakati njia bado inaonekana. Lazima iwe imeondoka kule saa kumi na moja na nusu.

Ulimi wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshaishika "saa kumi na moja". Ilikuwa imebaki kuitamka tu. Akajizuia. Huyu si abiria anayetafuta kiatu, alijiambia, huyu ni mwanangu, na kwa mwanangu sichezi.

"Saa kumi na moja na nusu," alisema. "Mwisho kabisa, shemeji. Ikipita hapo, basi tena."

"Saa kumi na moja na nusu. Nimekusikia, shemeji, wala usiwe na wasiwasi."

Na kweli alikuwa amemsikia, kama alivyomsikia miaka yote.

Kusubiri kukaanza. Mkunga alikaa sakafuni kando ya benchi, mkono wake mmoja tumboni kwa Kitinda, mwingine kwenye mshipa wa mkono. Uchungu ulikuja na kuondoka. Ulipoondoka, Kitinda aliongea, maana hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mama, ukiniandikia tiketi uandike abiria wawili?"

"Mtoto wa tumboni halipi nauli. Tulia."

"Na kilo zake je?"

"Nitazipima akirudi," Mama Kiwanja alisema, na akageukia dirisha ili asionekane macho.

Saa kumi na moja ilipofika simu ililia mara moja: ndege imetua kule, mafuta yanaingia. Safari hii ilikuwa imetua kweli, aliusikia mlio wa injini ikizimwa. Akapumua. Akaenda kuikagua njia: akaangalia kama hakuna jiwe, hakuna mnyama, hakuna mtoto anayechezea mpira mwisho wa uwanja. Akarudi, akamfuta binti yake jasho. Mkunga alibadilisha kitambaa kilicholoa na kuweka kingine.

Saa kumi na moja na nusu ikafika, simu haikulia. Akapiga yeye.

"Imeruka?"

"Inaruka sasa hivi, shemeji. Wewe tulia."

Lugha hiyo waliitunga wote wawili, hakuhitaji mkalimani.

"Sasa hivi ya nani?" aliuliza. "Rubani yuko wapi?"

"Yuko hapa, kakaa kabisa kwenye kiti chake. Tunasubiri damu. Nimewapigia hospitali, chupa zimetoka, gari liko njiani, nimeongea na dereva mwenyewe. Sasa tumfuate mtoto anayevuja damu mikono mitupu? Muda tunao."

"Muda gani? Nilikuambia saa kumi na moja na nusu!"

"Ndiyo. Nikaongeza nusu yako. Saa kumi na mbili tunaruka, na damu juu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake hofu. Rubani alikuwa mgeni wa njia ile, wiki yake ya pili, na habari za kilima na giza lake alizipokea kutoka kwa Shemeji kama alivyopokea kila kitu. Hakukuwa na mtu mwingine kule wa kumbishia.

"Shemeji, leo sikuongeza!" Mama Kiwanja alipiga kelele. "Ni saa yenyewe! Giza linaingia robo!"

"Najua una uchungu, shemeji yangu."

"Nakuapia!"

"Ulimwapia hata yule bwana harusi."

Hapo alimpata. Mwaka uliopita aliapa kwa kaburi la mumewe, kaka wa huyu huyu anayezungumza naye, kwamba ndege inaondoka bila bwana harusi mmoja aliyekuwa bado saluni, na kumbe ndege haikuwa hata imefika. Walicheka wiki nzima. Viapo vyote alishavimaliza kwa abiria, vilio alishavilia, "hii ni mara ya mwisho" alishaisema mara mia. Alitafuta neno moja ambalo hajalichezea akawa halioni, na saa ukutani inakwenda. Nyuma yake Kitinda alitoa mlio ambao hakuwahi kuusikia kwake, mfupi na mzito, na Mkunga akasema, "Mama Kiwanja, fanya haraka."

Ndipo akamwita Shemeji kwa jina lake.

Tangu aolewe hakuwahi kulitamka. Alikuwa shemeji mezani, shemeji msibani, shemeji kwenye simu, na jina lile la utotoni lilikuwa limebaki kwa mama mkwe, naye alishafariki. Alilitamka polepole, bila kelele, kisha akasema, "Sikuongeza. Leo sikuongeza hata dakika."

Kisha alisikia simu ikigonga meza, na miguu ikikimbia, na sauti ya Shemeji ikipaa: "Ruka! Ruka bwana, achana na damu, ruka!" Injini ikanguruma, ikapanda, ikasogea mbali. Safari hii hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba ndege imeruka. Alitazama saa. Ilikuwa imechelewa dakika kumi na mbili.

Dakika kumi na mbili kwa mtu anayesubiri chai si kitu. Kwa kilima kile zilikuwa mwisho wa mchezo. Ndege ingefika wakati jua limeshaingia nyuma ya kilima, na hata ikitua kwa bahati, isingeweza kuruka tena mpaka asubuhi. Mama Kiwanja alimtazama Mkunga. Mkunga alitikisa kichwa: asubuhi haipo.

"Taa," Mama Kiwanja alisema kwa sauti, peke yake. "Nataka taa."

Taa za kutosha kisiwani zilikuwa kwenye pikipiki tu, na pikipiki zote zilikuwa chini ya mtu mmoja, mwenyekiti wa waendesha pikipiki, ambaye tangu akiwa na miaka ishirini alikuwa akifika kiwanjani nusu saa baada ya muda aliotajiwa, kwa uhakika kuliko jua. Akimwambia njoo sasa, atakuja saa kumi na mbili na robo akitabasamu. Mama Kiwanja aliishika simu, akafikiri kidogo, akapiga.

"Mwenyekiti! Ndege inatua saa kumi na moja na robo! Nimekwambia mniletee pikipiki zote, taa zikiwaka, pande mbili za njia!"

"Saa kumi na moja na robo?" Mwenyekiti alishangaa. "Mama, si imeshapita hiyo?"

"Imepita! Mko wapi?"

"Lakini mama, hujaniambia..."

"Kitinda anakufa hapa, na nyinyi mko wapi?"

Alisikia kiti kikianguka. Alikata simu akaenda mlangoni, na kabla hajamaliza kuomba, akaanza kuwasikia. Walikuja kwa vumbi, wawili wawili, watatu watatu, wengine vifua wazi. Mwenyekiti mwenyewe alikuja na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi bado shingoni, na hakuna aliyecheka. Mama Kiwanja aliwapanga kando ya njia, kulia na kushoto, akiwaonyesha pa kusimama kwa ufagio.

"Taa ziangalie njia, zisiangalie juu! Ukimmulika rubani machoni nitakutafuta kwenu!"

Jua likagusa kilima. Likazama kwa haraka ile ile ya kila siku, kwamba mwanadamu ana mgonjwa halikujua. Kivuli kikashuka kiwanjani, kikafunika mizani, benchi, uso wa Kitinda. Redio ya mkononi ya Mama Kiwanja ikakoroma.

"Kiwanja, nawakaribia," rubani alisema. Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyejikaza. "Naona mistari miwili ya taa. Ni yenu?"

"Ni yetu. Njia iko katikati. Karibu."

Ndege ilitokea juu ya bahari, ikashuka, ikashuka tena, halafu pua ikainuka na ikapita juu ya vichwa vyao kwa kishindo. Waendesha pikipiki wakainama.

"Mwanzo wa njia siuoni," rubani alisema. "Naona ubavuni tu. Mama, nitazunguka mara moja. Nikishindwa tena narudi nilikotoka, sina la kufanya."

Mama Kiwanja alikimbia. Mwanamke wa umri wake, mwenye magoti yanayotabiri mvua, alikimbia mpaka mwanzo wa njia, akawavuta wawili wa mwisho kwa mashati yao na kuwasimamisha wakitazamana kwenye kona, taa zao zikipiga chini, ardhini, penye mstari mweupe. Alichutama karibu nao, redio mdomoni.

"Mwanzo ni hapo penye taa mbili zinazotazamana. Umeona?"

Mlio wa injini ukageuka juu ya bahari, ukaanza kurudi.

"Nimeona," rubani alisema.

Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena. Vumbi likajaa ndani ya taa zote. Ndege haikuzima injini. Mwenyekiti na wenzake watatu waliibeba machela wakikimbia, Mkunga akikimbia kando, akishikilia kitambaa. Ndani kulikuwa na kiti kimoja tu kilichobaki, na hicho kilikuwa cha Mkunga. Hata kingekuwa kumi, nani angebaki na redio, na nani angewaambia wenye taa wasitawanyike kabla ndege haijapaa?

Kitinda aligeuza kichwa kwenye machela. "Mama, twende wote."

"Nakuja, mwanangu. Nakuja sasa hivi."

Kitinda alikuwa mtoto wa kiwanja. Katikati ya maumivu yale midomo ilimcheza, karibu acheke. "Sasa hivi yako naijua, mama," alisema, na mlango ukafungwa.

Ndege ikapita katikati ya taa, ikapaa na kumezwa na giza. Waliusikiliza mlio wake mpaka ukachanganyika na mawimbi. Upepo sasa uliisukuma kwa nyuma. Dakika ishirini na mbili, Mama Kiwanja alijiambia, akaingia ndani kukaa chini ya ubao uliosema hamsini. Waendesha pikipiki hawakuondoka. Walizima taa, wakakaa nje juu ya pikipiki zao wakinong'ona, na Mwenyekiti alijifunika kichwa kwa shuka la kinyozi.

Simu ililia.

"Imetua," Shemeji alisema.

"Imetua, au imetua yetu?"

"Iko chini, shemeji. Naiona kwa macho. Wanampandisha garini, na damu imo humo humo garini."

Akashukuru Mungu kwa sauti. Nje wakapiga makofi. Akawatokea mlangoni, akawaambia waende nyumbani, akamwambia Mwenyekiti akamalize kichwa chake. Kisha akarudi kuishika simu. Hakuiweka mezani tena.

Shemeji alipopiga mara ya pili, alianza kusema kabla hajaulizwa. "Shemeji! Wote wawili wazima! Mtoto wa kiume!"

Mama Kiwanja alisimama. Alifungua mdomo apige vigelegele, akaufunga. Kuna kitu alikisikia. Sauti ile aliijua, ilikuwa na uchangamfu ule ule wa "abiria wangu wote wako hapa". Miaka yote hiyo aliitafsiri bila kufikiri, na sasa alitamani angekuwa kiziwi.

"Wazima," alisema. "Wazima wa kweli?"

Alisikia korido ya hospitali, kandambili za mtu zikiburuzwa, mlango ukifungwa. Kisha Shemeji akamwita kwa jina lake, jina alilopewa na wazazi wake, ambalo kisiwa kizima kilikuwa kimeshalisahau.

Akajua kabla ya kuambiwa. Alirudi nyuma akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya mizani, na mshale wake ukayumba huku na huku.

"Kitinda ni mzima," Shemeji alisema. "Hilo ni la kweli. Wamemwongeza damu, amelala, daktari kasema atapona. Mtoto ni wa kiume kweli. Lakini hakulia. Walijaribu, hakulia. Nilitaka nikwambie kesho, ulale kwanza."

"Ndiyo," Mama Kiwanja alisema.

"Kitinda amechoka tu, hajui bado. Mkunga yuko naye."

"Ndiyo."

Hakuna aliyetaja saa. Hawakuhitaji, kazi yao ilikuwa kuhesabu muda, na wote wawili walikuwa wameshaimaliza hesabu. Mama Kiwanja aliisikia pumzi ya mwenzake ikikatika katika, kisha mwanaume yule mzima, mwenye wajukuu, akaangua kilio kwenye simu.

"Ungeniambia saa kumi na moja, shemeji," alisema. "Ungenidanganya tu. Ungenidanganya kama siku zote."

Alikuwa halaumu, alikuwa anaomboleza, na Mama Kiwanja aliusikia ukweli wake ukimwingia mpaka kwenye mifupa. Neno lile alikuwa nalo ulimini. Alilirudisha kwa mapenzi. Alitaka kumwambia Shemeji kwamba hana kosa, na lilikuwa neno la kweli, lakini usiku ule hakuamini tena kama angeweza kulisema likasikika hivyo.

"Kakae naye," alisema. "Akiamka akute mtu wa kwao."

Kulipopambazuka alikuwa bado pale. Alinawa uso kwa maji ya ndoo, akalikunja godoro la zahanati, akalisugua benchi. Ndege ya asubuhi ingekuja, naye kwa mara ya kwanza angepanda kama abiria, amfuate mwanawe, wamlete mtoto nyumbani. Mfuko wake mdogo ulikuwa tayari mlangoni. Simu ikalia. Alikuwa abiria mmoja, mwalimu aliyesafiri kila mwezi, sauti yake bado ya usingizini, habari hazijamfikia.

"Shikamoo, Mama Kiwanja. Ndege leo saa ngapi?"

Aliutazama ubao juu ya mizani.

"Saa mbili na nusu," alisema.

"Marahaba hujaitikia, mama, leo umeamkia wapi?" Mwalimu alicheka. "Haya, mbili na nusu. Kwa hiyo saa tatu. Acha ninywe chai kwanza."

Mama Kiwanja aliweka simu mezani. Akaupandisha mfuko wake kwenye mizani, akausoma mshale, akaandika kilo kwenye tiketi yake mwenyewe, kisha akakaa kwenye benchi kuisubiri ndege.